Mashine Moja, Vitu Viwili: Kuchonga Mbao na Plastiki kwa Rauta

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana Voi. Tumeyaandika karibu kama tulivyoyasema, ili wanavikundi ambao hawakufika wayasome na kuyajadili.)



Tunajua wengine mmetoka Taveta alfajiri, wengine mmeteremka kutoka Wundanyi, na wengine mmeacha mashamba yenu Sagalla wakati ambao si mzuri kuacha shamba bila mtu. Kwa hiyo hatutawachosha kwa maneno mengi. Leo tunataka kuzungumza juu ya mashine moja tu, rauta, na jinsi inavyochonga mbao na plastiki. Lakini kwanza tuwaambie kwa nini tumechagua jambo hili, maana tumelichagua kwa sababu ya kosa. Na kosa lenyewe lilikuwa letu.

Kuna kikundi kimoja tunachokitembelea, chini ya milima ya Sagalla. Wengi wao ni kina mama. Walichanga kila wiki kwa muda mrefu, wakakopeshana, wakarudisha, mpaka wakapata fedha za kununua rauta. Walitaka kutengeneza mizinga ya nyuki ya kuuza na ya kuzungushia mashamba yao. Mbao zilikuwa ghali wakati huo. Sisi tukawashauri: "Nunueni mbao za plastiki, zile zinazotengenezwa kwa takataka. Mchwa haziwezi. Mna fundi wenu, fundi ni fundi, atazichonga kama mbao nyingine."

Wakatusikiliza. Siku ya kwanza fundi wao kijana, hodari sana wa mbao, akawasha mashine kwa kasi ile ile aliyoizoea. Kabla ya saa sita mchana mbao 4 zilikuwa zimeharibika. Ukingo umevimba kama uji uliomwagika, biti imefunikwa na plastiki ngumu kama jiwe, mashine inanuka moto. Jioni kulikuwa na mkutano, na mkutano huo haukuwa mzuri. Wengine walisema fundi amekula fedha na kununua mbao mbovu. Mweka hazina akalia, akarudisha daftari. Kikundi kilichojengwa kwa miaka kilikaribia kuvunjika kwa kazi ya asubuhi moja.

Ndugu zetu, fundi yule hakuwa mwizi na wala mbao hazikuwa mbovu. Hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha kwamba plastiki si mbao. Sisi tuliotoa ushauri ndio tuliopaswa kujua, na hatukujua. Ndiyo sababu tulikwenda kuuliza mafundi, tukajaribu wenyewe kwa vipande vidogo, na leo tunawaletea tulichojifunza.

KWA NINI MIZINGA?

Tuanze na shida yenyewe. Sisi wa Taita Taveta tunaishi katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, mbuga zilizoanzishwa mwaka 1948. Hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilionyesha ndovu karibu 15,000 katika eneo la Tsavo. Hatuna haja ya kuwaeleza maana yake. Mama anaweza kulima miezi mitatu, na usiku mmoja ndovu sita wakamaliza kila kitu, hata tangi la maji wakalipasua.

Pale Sagalla, katika kijiji cha Mwakoma, mradi wa Ndovu na Nyuki wa shirika la Save the Elephants umekuwa ukijaribu na wakulima ua wa mizinga tangu mwaka 2009. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba, kitu kimoja kila mita 10, wakati mwingine mzinga wa kweli na wakati mwingine ubao wa kudanganyia, na vyote huunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Ndovu anaogopa nyuki. Utafiti wa miaka mingi uliochapishwa na mradi huo mwaka 2024 ulionyesha kwamba kati ya kila ndovu wanne waliokaribia mashamba hayo, karibu watatu waligeuka. Si wote, mwaona. Na ukame wa mwaka 2017 uliwafukuza nyuki kutoka mizinga mingi, ikachukua muda kurudi. Lakini hata hivyo ua huu unalinda shamba, na pia unatoa asali ya kuuza.

Sasa, mzinga ni kazi ya vipimo. Mzinga wa Langstroth ulibuniwa Marekani, ukapewa hataza mwaka 1852. Siri yake yote ni nafasi ndogo ambayo nyuki hupita, kama milimita 6 hadi 9. Ukiacha nafasi kubwa zaidi nyuki wanaijaza masega. Ukiacha ndogo zaidi wanaiziba kwa gundi yao. Ule mzinga wa papi za juu uliotengenezwa hapa Kenya miaka ya 1970 unataka papi zenye upana wa milimita 32, kwa sababu nyuki wetu wa Afrika hujenga masega yao karibu karibu. Papi zikiwa na 35 hapa na 30 pale, nyuki watajenga masega kupitia papi mbili, na siku ya kurina utavunja kila kitu.

Kwa msumeno na randa ya mkono fundi mzuri anaweza kupata vipimo hivyo, lakini atachoka. Rauta inamsaidia kutoa kipande cha hamsini kikiwa sawa na cha kwanza. Ndiyo faida yake.

RAUTA NI NINI?

Wengine hamjaiona. Ni mashine ya stima, mota imesimama wima, na chini yake kuna biti, yaani kisu kidogo kinachozunguka. Unaishika kwa mikono miwili, unaisukuma juu ya ubao, nayo inakata ukingo au inachimba mfuo. Biti zina maumbo mengi: ya kunyoosha ukingo, ya kuviringisha pembe, ya kukata kidato cha kuwekea fremu za mzinga. Nyingine zina beringi ndogo inayotembea kwenye kigezo. Unatengeneza kigezo kimoja kizuri, unakifunga juu ya ubao, na biti inafuata umbo lile lile kila mara.

Rauta nyingi huzunguka kati ya mara 10,000 na 30,000 kwa dakika. Hiyo ni kasi kubwa mno. Msisahau namba hiyo, tutairudia.

MBAO INATAKA NINI?

Mbao ilikuwa mti, na mti una nyuzi. Fundi yeyote anajua: ukikata kwa kufuata nyuzi kazi ni laini, ukienda kinyume nyuzi zinanyanyuka na kupasuka. Kwa rauta ni hivyo hivyo.

Biti inazunguka kama mshale wa saa ukiitazama kutoka juu. Kwa hiyo ukisimama mbele ya ukingo wa nje wa ubao, sukuma mashine kutoka kushoto kwenda kulia. Hapo biti inakuja dhidi ya msukumo wako, na wewe unaitawala. Ukienda upande mwingine, mashine itakimbia mbele kama mbuzi aliyekatika kamba. Ukizunguka ubao mzima, anza na ncha zake, pale nyuzi zinapoishia, kisha malizia kwa pande ndefu. Ncha zikipasuka kidogo pembeni, upande mrefu utafuta kosa hilo.

Kata kidogo kidogo. Kama unataka mfuo wa milimita 9, pita mara tatu, usipite mara moja. Ukiona ubao unaacha alama nyeusi za kuungua, biti imekuwa butu au unakwenda polepole mno.

Na mbao iwe kavu. Mbao mbichi ukiichonga leo kwa kipimo, mwezi ujao imejipinda na kipimo kimepotea. Hapa kwetu tuna mti mzuri wa nchi kavu, mukau, ambao Wataita wanauita kirumbutu. Mbao yake inastahimili mchwa, na taasisi ya utafiti wa misitu ya KEFRI imehimiza upandaji wake sehemu kavu. Tunawaomba vikundi vipande. Serikali ilipozuia ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, bei ya mbao ilipanda, na waliokuwa na miti yao shambani hawakuhangaika.

PLASTIKI INATAKA NINI?

Plastiki haina nyuzi. Unaweza kuikata upande wowote, haitapasuka kama mbao. Kwa sababu hiyo fundi anafikiri ni rahisi. Adui wa plastiki ni joto.

Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Plastiki ya ule mtungi wa njano wa mafuta ya kupikia huyeyuka karibu nyuzi 130, na hulegea kabla ya hapo. Sasa fikirini biti inayozunguka mara 25,000 kwa dakika ikisugua mahali pamoja. Mbao ingeacha alama nyeusi tu. Plastiki inayeyuka, inajikunja kwenye biti, inapoa, inakuwa gumba. Biti iliyofunikwa haikati tena, inasugua tu, kwa hiyo joto linazidi. Ndivyo mbao 4 za kikundi kile zilivyoharibika.

Dawa ni nini? Kubebesha joto kwenye maranda. Maranda yakiwa mazito yanaondoka na joto lake. Yakiwa vumbi, joto linabaki kwenye ubao. Kwa hiyo:

1. Punguza kasi ya mashine. Anza karibu na mizunguko 10,000 hadi 15,000, ujaribu kwenye kipande kibovu kwanza.

2. Usisimame. Sukuma kwa mwendo mmoja, wala usisite njiani kufikiri. Fikiri kabla ya kuwasha.

3. Tumia biti yenye makali moja au mawili, siyo mengi, ili maranda yapate njia ya kutoka. Na iwe kali kweli. Biti iliyochoka kwenye mbao usiilete kwenye plastiki.

4. Kata kina kidogo, milimita 2 au 3 kila mara, na ondoa maranda kabla ya kupita tena.

5. Tazama kinachotoka. Maranda yaliyojikunja ni dalili njema. Ukiona nyuzi ndefu zinazonata au harufu kali, simamisha mashine, acha ipoe.

6. Funga ubao vizuri kwa klampu, na uwe na meza chini yake. Plastiki inateleza na inapinda, na ikitetemeka ukingo unakuwa mawimbi.

7. Ukimaliza, ukwangue ukingo kwa kisu kikali. Usitumie msasa kwenye plastiki laini kama ya mitungi, utaifanya iote manyoya.

Jambo lingine. Plastiki hurefuka juani. Ubao wa plastiki wa mita 2 ukitoka kwenye ubaridi wa asubuhi mpaka jua la mchana la Voi unaweza kurefuka milimita 5 hata zaidi. Mbao hairefuki hivyo kwa joto, yenyewe hutanuka kwa upana ikinyonya unyevu. Kwa hiyo pimeni plastiki kivulini, na mnapopiga skrubu toboeni tundu refu kidogo ili ubao upate nafasi ya kusogea. Ukiifunga bila nafasi itajipinda au itang'oa skrubu. Na gundi ya mbao haishiki plastiki hii. Msipoteze fedha zenu.

JUENI PLASTIKI YENU

Plastiki si kitu kimoja. Tazameni chini ya mtungi, kuna alama ya pembetatu yenye namba. Namba 2 ni plastiki ya mitungi migumu ya mafuta na maji, namba 5 ni ya ndoo na mabeseni mengi, namba 1 ni ya chupa za soda na maji. Namba 3 ni ile ya mabomba ya maji ya kijivu. Hiyo namba 3 tunawaonya: ikipata joto kubwa hutoa moshi wenye asidi unaounguza macho na mapafu. Msiichonge ndani ya chumba, na kama hamna sababu kubwa msiichonge kabisa.

Kama namba haionekani, kuna njia ya kijiji. Kateni kipande kidogo kama ukucha, kiosheni, kitieni ndani ya maji. Kikielea, yaelekea ni namba 2, 4 au 5. Kikizama, yaelekea ni namba 1 au 3, kiwekeni kando. Mtoto wa shule anaweza kufanya kazi hiyo.

Wengine mtauliza: si tuyeyushe mitungi wenyewe kwenye jiko? Hapana. Moshi wa plastiki juu ya makaa ni sumu, na mama anayekoroga ndiye anayeuvuta. Kusanyeni, osheni, pangeni kwa aina, muuze kwa wanaotengeneza kwa mashine. Wapo. Nairobi kuna EcoPost, kampuni iliyoanzishwa na Lorna Rutto, ambayo imekuwa ikitengeneza nguzo za ua kwa plastiki iliyotupwa. Na Lamu, mwaka 2018, mafundi wa majahazi chini ya Ali Skanda walizindua jahazi la urefu wa karibu mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, likafunikwa kwa ndara kuukuu za rangi, kama 30,000. Wakaliita Flipflopi. Mapema mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Wale ni watu waliozaliwa katika kazi ya mbao, na walikubali kuwa wanafunzi tena mbele ya kitu kipya. Hilo ndilo tunalolipenda.

Takataka tunazo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 hairuhusiwi kuingia mbuga za wanyama na plastiki za kutumia mara moja. Hata hivyo kando ya barabara kuu ya Mombasa bado mnaona chupa na mitungi. Mbuzi wetu wanakula takataka hizo, na tumeshapasua mbuzi tukakuta tumbo limejaa.

IPI KWA KAZI GANI?

Tulipojua haya, tulikaa na kikundi kile cha Sagalla, tukauliza upya: je, mzinga wenyewe uwe wa plastiki? Tukajibu pamoja: hapana. Nyuki wanataka nyumba isiyokuwa tanuri. Nta huyeyuka karibu nyuzi 62 hadi 64, lakini masega yenye asali hulegea na kuanguka kabla ya hapo. Mbao hupunguza joto na hunyonya unyevu kidogo. Ubao wa plastiki juani hulegea na kubonyea ukiwa na mzigo.

Basi wakagawa kazi hivi. Sanduku la mzinga, fremu na papi za juu: mbao kavu. Miguu ya stendi, vipande vinavyogusa udongo, na vigezo vya rauta vinavyotumika mara nyingi: plastiki, kwa sababu mchwa hawaili na maji hayaiozeshi. Nguzo zinazobeba waya wenye uzito: plastiki nene tu, na zikaribiane, maana nguzo nyembamba hupinda. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Zile mbao 4 zilizoharibika hawakuzitupa. Walikata sehemu mbovu, wakajifunzia kwenye sehemu nzuri, na vipande vilivyobaki vikawa miguu.

USALAMA

Hapa tutasema kwa ukali kidogo, mtusamehe.

Funikeni macho kwa miwani ya kazi, siyo ya jua. Funikeni pua na mdomo. Vumbi la mbao si kitu kidogo: mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliandika vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Mvule hasa huwasha ngozi na kifua. Zibeni masikio pia.

Msivae glavu mnapotumia rauta. Mtu anafikiri glavu inalinda, lakini biti ikishika uzi wa glavu inavuta mkono wote. Vueni shanga na bangili, fungeni nywele, kunjeni mikono ya shati, leso iachwe nyumbani.

Kabla ya kubadilisha biti, chomoeni waya kwenye stima. Si kuzima tu, chomoeni. Ingizeni biti mpaka mwisho, kisha irudisheni nje milimita 2 hivi ndipo mkaze. Msiiweke mashine chini kabla haijasimama kabisa.

Na maranda msiyachanganye. Ya mbao safi yaende kwenye banda la kuku. Ya plastiki yawekwe kwenye gunia, yauzwe pamoja na mitungi. Plastiki ikiingia kwenye banda la kuku au kwenye samadi, mmeipanda shambani kwa mikono yenu.

FEDHA NA DAFTARI

Kabla ya kununua rauta, jiulizeni: tuna kazi ya kutosha? Kama mnatengeneza mizinga 10 kwa mwaka, ni afadhali kumlipa fundi mwenye mashine, au vikundi vitatu mnunue moja kwa pamoja. Mkinunua, chagueni yenye kidude cha kupunguza kasi. Zipo ndogo za bei rahisi zinazozunguka mara 30,000 tu, hazina kasi nyingine. Hizo kwa mbao zinafaa, kwa plastiki zitawatia hasara. Hesabuni pia biti, stima au mafuta ya genereta, miwani na klampu. Mashine yenyewe si gharama yote.

Mwe na daftari la mashine. Andikeni nani ameitumia, siku gani, kazi gani, kasi gani, biti gani, na nini kimeharibika. Kazi ya daftari hilo si kumtafuta mwenye kosa. Linamsaidia atakayefuata asianze upya. Kama kikundi kile kingekuwa na daftari, mkutano wao wa jioni ungekuwa na ushahidi badala ya maneno ya uchungu.

Na neno moja kwa sisi tunaoitwa washauri. Tulikwenda kwa kikundi kile, tukasimama mbele ya wanachama wote, tukasema: ushauri ulikuwa wetu, na kijana huyu hana hatia. Haikuwa rahisi. Mzee mmoja akatujibu, "Mngesema hivi siku ile, mama asingerudisha daftari." Ni kweli, tulichelewa majuma mawili. Mweka hazina amerudi kazini. Wanachama wawili hawakurudi, na bado tunawatembelea. Fundi yule sasa ndiye anayefundisha wengine, na jambo la kwanza analowaonyesha ni ile biti iliyofunikwa na plastiki. Ameitundika ukutani kwa waya.

Ndugu zetu, msione haya kujaribu kitu kipya. Ila jaribuni kwenye kipande kidogo, mbele ya wote, kabla ya kutoa fedha ya kikundi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, kazi ikiharibika, tunafanya nini kwanza: tunatafuta sababu au tunatafuta mtu?

2. Ni vifaa gani tulivyonunua ambavyo havina kazi ya kutosha? Je, tunaweza kuvitumia pamoja na kikundi jirani?

3. Chukueni vipande 5 vya plastiki kutoka kijijini. Tafuteni namba zake na mvijaribu ndani ya maji. Mmepata nini?

4. Ni nani anayevuta vumbi na moshi katika kazi zetu? Tutamlindaje kuanzia wiki hii?

5. Mara ya mwisho mshauri alipokuja kwetu, tulimuuliza kama yeye mwenyewe ameshafanya kazi anayotushauri?